Marumaru za Joseph na Meno ya Bernadina

Nyuma ya nyumba zetu, kwenye mteremko unaotazama mlima Oldeani, kuna makaburi mawili yamelala sambamba kama wanaume waliochoka kulima. La kulia ni la Valeriani, mume wa Bernadina. La kushoto ni la mdogo wake, Joseph, mume wangu mimi Marsela. Ndugu hao waligombania mpaka wa shamba maisha yao yote, na sasa kila mmoja ana mita mbili zake na hakuna anayelalamika. Anayelalamika ni mimi.

Kaburi la Valeriani lina marumaru. Za bluu, zinang'aa, ukipita asubuhi jua linakurudia machoni. Modest, mtoto wao, aliziweka enzi zile anaendesha magari ya watalii kushuka kreta na pesa ikiingia kila wiki. Kaburi la Joseph ni saruji tupu, na saruji yenyewe imepasuka katikati. Kwenye ule ufa anaishi mjusi. Mjusi huyo ni msaliti. Analala kwa Joseph, halafu kukipambazuka anahamia juu ya Valeriani kuota jua, maana marumaru zinapata moto haraka.

Na kila tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu, katekista Silvanus anakuja kutuombea makaburi. Unafikiri anasimama upande gani? Anaweka kitabu chake cha sala juu ya Valeriani, anasimama juu ya usafi wa Valeriani, ananyunyiza maji ya baraka, na Joseph anafikiwa na yale yaliyobaki kwenye mkono. Mwaka jana nilihesabu. Matone matatu, na moja lilimwangukia mjusi.

Mimi na Bernadina tunaitana mke mwenzangu kwa sababu tuliolewa na ndugu wawili, mwaka mmoja, tukaletwa kwenye uwanja mmoja. Ni utani tu. Lakini sijawahi kumwonea binadamu wivu kama ninavyomwonea huyu, na mke mwenza wa kweli sijui angenizidishia nini.

Tulipokuwa wasichana tulichuma kahawa pamoja kwenye mashamba makubwa ya Oldeani. Msimu ulipoisha, Bernadina akanunua viatu vyekundu vya kwendea kanisani. Nikasema mbele za watu kwamba hayo ni madoido, mtu amepewa miguu na Mungu bado anataka mingine dukani. Msimu uliofuata nikanunua vyangu, vyeusi, nikasema vyangu ni kwa ajili ya miiba. Njia ya kanisani haikuwa na miiba.

Tukapata watoto. Bernadina akaezeka bati. Nikasema bati ni kujionyesha, nyasi haivuji ukiitunza. Mvua za mwaka ule zilininyeshea kitandani hadi godoro likaota uyoga, na ghafla nikagundua kwamba bati ni kitu cha lazima kabisa kwa mama mwenye watoto. Uzee ukaingia, yeye akapata simu. Nikauliza, mtu wa umri wetu anampigia nani? Nilipopata yangu, mtu wa kwanza niliyempigia ni yeye, kumwambia kwamba na mimi ninayo. Alikuwa amesimama uani kwake, tunaonana.

Basi ndivyo tulivyo. Cha kwake ni anasa mpaka nikipate.

Tuna kikundi cha wajane, tuko kumi na watano. Kila baada ya mavuno ya maharage tunachangia mfuko, na mara moja kwa mwaka mfuko unampa mmoja wetu kiasi cha maana, wala hakirudishwi, ila kiwe kwa jambo la lazima. Hilo neno lazima limetugombanisha kuliko pesa yenyewe. Mwaka juzi mmoja alisema redio ni lazima kwa sababu akikaa kimya anasikia marehemu anakoroma.

Mwenyekiti wetu, Cresensia, akaona atuletee binti aliyesomea mambo hayo atufundishe. Binti akapiga mstari katikati ya ubao. Upande huu akaandika LAZIMA, upande ule HIARI. Akasema vitu vinahama upande kufuatana na umri. Mtoto wa shule, daftari ni lazima na pipi ni hiari. Kijana anayeanza maisha, godoro ni lazima, spika kubwa ni hiari. Mwenye watoto, ada na paa. Alieleza vizuri, sina ubaya naye, mpaka alipofika kwetu. Kwenye wazee akaandika "dawa", akaandika "blanketi", akaweka nukta.

Tukaitazama ile nukta.

"Mwanangu," Cresensia akamwuliza, "baada ya blanketi kuna nini?"

"Baada ya hapo mahitaji yanapungua, bibi."

"Hilo blanketi," nikamwambia, "umelipima tu la kujifunika, au na la kufunikwa?"

Wenzangu walicheka hadi binti akafuta ubao. Lakini ile nukta ilitubakia. Tukakubaliana kwamba sisi wenyewe ndio tutakaoamua, kila mwaka, kwa kura, nini ni lazima kwa mwanamke wa umri wetu.

Mwezi wa tisa, maharage yameshauzwa, tukakutana nyumbani kwa Cresensia. Walioomba mfuko tulikuwa wawili. Mimi na mke mwenzangu.

Bernadina alisimama kwanza. Alikuwa amejifunga kitenge chake kizuri, na nikaona kimemzunguka mara mbili na kidogo, nikasema moyoni, amenunua kipana kutuonyesha.

"Naomba meno," akasema. "Nimebakiwa na manne, na hayakutani. Fundi wa meno pale mjini ameshanipima. Nikipata mfuko, anatengeneza."

Akakaa. Hivyo tu. Bernadina hajui kuomba, anatangaza.

Nikasimama mimi. Nikaeleza habari za ufa, nikaeleza mjusi, nikaeleza matone matatu. Nikasema kumstiri marehemu ni wajibu, na wajibu ni lazima, darasa la saba tu linatosha kulijua hilo. Nikaona nyuso zimelainika. Hapo ningekaa, ingetosha. Lakini mdomo wangu una miguu yake.

"Na sasa jamani tulitazame hili la meno," nikasema. "Sisi wote hapa tumekunywa maji haya haya. Fungueni midomo tuonane."

Wakafungua, wanacheka. Ninyi msiokaa kwetu hamjui: maji yetu yana madini yanayoyapaka meno rangi tangu utotoni. Meno yetu ni ya kahawia, mengine yana mistari, mengine yana madoa kama mayai ya kanga. Ukifika Dar ukacheka, mtu anakutajia wilaya yako.

"Mnaona," nikasema. "Sasa mwenzetu anataka kuingia kanisani na meno meupe kama sahani za lodge. Tutamsikilizaje padri? Na Bernadina akicheka jioni, kuku wangu si wataamka wakidhani kumekucha? Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, hayo meupe anamchekea nani?"

Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi na ncha ya khanga. Bernadina hakucheka. Alinitazama tu, mdomo umefungwa, akasema polepole, "Wewe Marsela mwenye meno, sema."

Tunapiga kura kwa mbegu. Kila mtu anapewa mbaazi moja na harage moja, anakwenda kwenye kibuyu kilichowekwa nyuma ya mlango, anatumbukiza anayoitaka na nyingine anarudi nayo kiganjani. Harage lilikuwa langu, mbaazi ya Bernadina. Cresensia akamimina kibuyu kwenye ungo. Maharage tisa, mbaazi sita.

Tukala makande kufunga kikao. Nilikuwa na furaha, nikala bakuli mbili. Nilimwona Bernadina anakunywa mchuzi, halafu punje zote anazimiminia kwenye bakuli la Cresensia. Nikasema, ananuna. Nikapakua la tatu.

Abdulwahabu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Karatu mjini, aliniletea boksi nane kwa bodaboda ya magurudumu matatu. Nilichagua rangi ya kijani ili nisiambiwe nimeiga, na nikahakikisha kila kigae kinakizidi cha Valeriani kwa vidole viwili. Boksi moja nikalifungua siku hiyo hiyo. Hakukuwa na haja ya kulifungua, fundi alikuwa bado hajapatikana. Lakini niliona Bernadina anakuja kuchota maji kwenye tangi, nikavipanga vigae vinane juu ya Joseph, kichwani, nikarudi nyuma hatua mbili kama mtu anayepima.

"Zimefika," nikasema.

Akaweka ndoo chini. "Nzuri. Joseph alipenda kijani. Hata chupa za bia alikuwa anachagua za kijani."

"Alikuwa mtu wa kuchagua."

"Siku moja moja alikosea," akasema. Akachukua ndoo yake. "Mwambie fundi asimwage saruji upande wetu."

Akaenda. Nikabaki nimekasirika, kwa sababu ilikuwa nzuri na sikuwa nimeisema mimi.

Wiki iliyofuata nikashuka mjini kumtafuta fundi wa kupiga marumaru. Nilipomaliza naye, nikakumbuka kwamba zahanati ya meno iko mtaa huo huo, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Nikasema ngoja nikayaone hayo meno niliyoyazuia. Nijue yalikuwa yawe meupe kiasi gani, ndipo raha yangu ikamilike. Nikapanda ngazi huku nashika ukuta.

Ndani nilimkuta kijana mmoja mwenye koti jeupe, anaitwa Nelson. Mbele yake ana taya za plasta zimepangwa kwenye rafu, zimetabasamu zote.

"Shikamoo, bibi. Jino linauma?"

"Marahaba. Yangu hayaumi, mwanangu. Nimekuja kuangalia tu. Naambiwa mnauza meno meupe." Nikamchekea, nimwonyeshe kwamba mimi si mteja, mdomo wangu umejaa.

Yule kijana akaacha kazi yake. Akainama, akanitazama mdomoni kama mtu anayesoma barua.

"Bibi, cheka tena."

"Nikuchekee bure?"

"Tafadhali." Nikacheka kidogo. Akahesabu kwa kidole bila kunigusa. "La mbele kushoto lina mstari kama chai iliyomwagika. Pembeni yake kuna mwanya. La kulia limempanda mwenzake kidogo." Akanyooka. "Wewe ndiye Bibi Marsela."

Nikatazama kama jina langu limeandikwa mahali.

"Kuna bibi mmoja alikuja hapa mwezi wa nane," akasema. "Bernadina. Nilimtolea hivi nikamwambia achague rangi." Akanionyesha kishikio chenye vijino vidogo vimepangwa, kuanzia cheupe kabisa hadi cha manjano. "Akavikataa vyote. Akasema hataki meno ya mgeni. Akasema, nitengenezee kama ya mke mwenzangu Marsela. Nikamwambia, bibi, watu wanakuja hapa nayatoa madoa, wewe unataka niyaweke? Akasema ndiyo. Akanieleza moja moja, mimi nikaandika. Lenye chai, lenye mwanya, lililopanda. Anayajua meno yako kuliko daktari."

"Alisema ni ya nini?" nikauliza.

"Ya kulia chakula, bibi. Ya nini tena? Alipanda kwenye mzani hapa kwa utani tu, nikaona si utani. Nikamwuliza anakula nini. Akasema uji. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Nikamwambia asiingie mwaka mwingine hivyo. Kwa nini hajarudi? Amekosa nauli?"

Nikamwambia nitamwuliza.

Nikashuka zile ngazi nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, pale mifuko ya mbolea inapopakuliwa. Nikafikiria kile kitenge kilichomzunguka mara mbili na kidogo. Kilikuwa ni kile kile cha siku zote. Nikafikiria zile punje za makande. Mtu anaishi hatua thelathini kutoka kwangu, najua anapobadilisha pazia, najua anapopikiwa nyama na nani ameileta, na sikujua kwamba ile nyama haimezi.

Lakini niseme kweli yote. Jambo lililonikalisha pale kuliko yote si uji. Ni kwamba kwa miaka hamsini nilikuwa natazama viatu vyake, na paa lake, na marumaru zake, na kumbe na yeye alikuwa anatazama. Alikuwa anatazama meno yangu. Hata siku moja hakusema. Hayo ndiyo maringo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Abdulwahabu.

"Mwanangu, zile marumaru nazirudisha."

"Mama, zina kasoro?"

"Marehemu amekataa rangi."

Abdulwahabu ni mtu mtaratibu. Akavua miwani, akaifuta. "Amefufuka?"

"Hapana. Amekataa akiwa hapo hapo alipo."

Akafikiri. "Boksi ngapi?"

"Nane."

"Yote hayajafunguliwa?"

Nikamweleza kuhusu lile moja. Akatikisa kichwa. Boksi saba atapokea na kunirudishia pesa, kwa sababu ananijua na kwa sababu Mungu anaona. La nane, hapana. Boksi lililofunguliwa, akasema, ni kama andazi lililoumwa, hata ukiling'ata vizuri kiasi gani.

Jioni nikamfuata Cresensia. Akaniambia pesa ya mfuko haihami kutoka jambo hili kwenda jambo lile bila kura mpya, hiyo ndiyo sheria, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipendekeza mwaka ule wa redio. Akaita kikao Jumamosi. Nilisimama mbele ya wale wale niliowachekesha. Bernadina alikaa karibu na mlango, hajui kinachokuja, amejifunga kama mtu aliyekuja kusikia marumaru zimegharimu kiasi gani.

"Nilisema kumstiri Joseph ni lazima," nikasema. "Nimekwenda kumwuliza. Joseph hana njaa. Halowi, hachechemei, hatafuni. Akina sisi ndio tunatafuna. Kwa aliyelala, marumaru ni hiari, hata zingekuwa za bluu." Hapo nilimtazama Bernadina, sikuweza kujizuia. "Meno, kwa aliyebakiwa na manne yasiyokutana, hayo yaandikwe upande wa lazima, juu ya blanketi. Naomba tupige kura upya."

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo halikunifurahisha. Bernadina akainua kichwa.

"Nani amekutuma, Marsela?"

"Mjusi."

"Sitaki huruma yako."

"Sina. Ulizia popote."

Tukagawiwa mbegu. Mmoja mmoja tukapita nyuma ya mlango. Cresensia akamimina kibuyu kwenye ungo, na mbaazi zikamwagika kama mvua, kumi na nne, na katikati yake harage moja jekundu.

Kila mtu akamtazama mwenzake. Lile harage msiniulize. Mkono una mazoea yake, nao ulitangulia kabla sijamaliza kuwaza.

Tulikwenda kwa Nelson pamoja, mimi na mke mwenzangu. Akapiga hesabu zake akatuambia: pesa iliyopo, ukitoa lile boksi lililofunguliwa, inatosha seti kamili, ya kula kila kitu hadi mahindi ya kuchoma. Lakini inatosha seti nyeupe. Kuyapaka rangi ya kwetu, mistari na madoa, ni kazi ya mkono, jino moja moja, na ina bei yake pembeni.

"Meno yenyewe ni lazima," akasema Nelson, "madoa ndiyo anasa."

Bernadina akakitazama kile kishikio cha vijino. Kisha akasema, "Basi yawe meupe. Nitazoea."

Mnaweza kudhani kwamba hapo moyo wangu uliyeyuka. Mimi niliona kitu kingine. Niliona Jumapili, misa ya pili, kanisa limejaa, na Bernadina anaimba "Utukufu" na mdomo mweupe kuliko kitambaa cha altare, watu wote wamegeuka, na mimi nimekaa pembeni yake na meno yangu ya chai. Nikaona miaka yote niliyobakiza nikiwa kivuli cha mdomo huo.

"Hayawi meupe," nikasema. "Nina kuku."

"Wewe Marsela, wale ni kuku wa mayai."

"Wawili wanatosha. Andika, Nelson. Madoa yote."

"Unanilipia anasa?" Bernadina akauliza.

"Najilinda."

Akanitazama, na mabega yake yakaanza kutikisika. Akaziba mdomo kwa mkono, kama alivyokuwa anaziba siku zote hizi, nami nilikuwa nadhani ni tabia ya mtu aliyejifunza uungwana kwa watalii wa Modest.

Kwa Modest hakutaka hata kuuliza. Nilimwambia njiani, mtoto aliyempigia baba yake marumaru atashindwa meno ya mama? Akasema, "Modest ana watoto wanne shule, na magari yenyewe yanatembea msimu kwa msimu. Umri wake ni wa ada. Mimi nilipokuwa wa umri ule, mama mkwe alitembea pekupeku ili mimi nilipe ada, wala hakuniambia. Niliziona nyayo zake tu." Mama mkwe alikuwa wetu sote wawili. Mimi nyayo sikuziona, nilikuwa natazama viatu vya Bernadina.

Siku ya kupaka rangi, Nelson alisema anahitaji kielelezo. Basi nikawekwa mimi kwenye kile kiti kinacholala, taa usoni, mdomo wazi, na Bernadina amekaa kwenye benchi anasimamia. Sijawahi kunyamaza muda mrefu hivyo tangu nizaliwe. Naye aliujua utamu wa nafasi hiyo, akaitumia.

"Nelson, lile la chai ongeza kidogo, halijakolea. Mwanya uache. Mwenye mwanya huo alinisema mbele ya wanawake kumi na watano, nataka niwe nao mkononi."

"Aah," nikasema, mdomo wazi.

"Anasema sawa," Bernadina akamwambia Nelson.

Tarehe mbili Novemba ikafika. Vile vigae vinane vya kijani nilimpa fundi avikandike kichwani kwa Joseph, na ufa akauziba na saruji iliyobaki. Sasa Joseph ana mto. Chini yake ni saruji kama zamani. Mjusi amehamia kwa Valeriani moja kwa moja, sina tena ufa wa kumficha.

Tulichinja mbuzi mmoja kwa nyumba zote mbili. Katekista Silvanus akaja na kitabu chake na kichupa chake. Alisimama pale pale, upande wa bluu. Lakini Bernadina akamwambia, "Mwalimu, mwaka huu anzia kushoto. Kulia tumekula sana." Silvanus akashangaa, akahamia kwetu, akaweka kitabu juu ya ule mto wa kijani, akainua mkono. Sikuhesabu matone. Yalikuwa kumi na moja.

Baada ya sala tukakaa kula. Bernadina akachukua ubavu wa mbuzi. Watu wote walijifanya wanatazama kwingine na hakuna aliyetazama kwingine. Akauma. Nilisikia mfupa umelia. Akatafuna, akameza, akachukua mwingine, na mafuta yakamtiririka kidevuni wala hakuziba mdomo. Alipomaliza akacheka, wazi, mbele ya makaburi mawili na katekista.

Silvanus aliinama kidogo amwangalie. "Mama Modest," akasema, "meno yako yamerudi?"

"Yalikuwa kwa Marsela," akajibu. "Nimemwazima."

Silvanus akamtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwake. "Kweli mmefanana kama watu wa tumbo moja," akasema. "Mstari ni ule ule, mwanya ni ule ule." Angenyamaza hapo, ningemkatia kipande cha ini. "Ila ya Mama Modest yamepangika zaidi. Yana afya."

Nyama ikanikwama. Meno yangu mwenyewe, niliyozaliwa nayo, niliyoyatolea kuku wawili wa mayai, yamemkaa mtu mwingine vizuri kuliko yalivyonikaa mimi.

Nikasubiri Silvanus aondoke. Kisha nikasogea karibu na Bernadina, tukiwa tunakusanya sahani.

"Mke mwenzangu, mfuko wa mwakani nafikiria kuomba. Kuna hili la kulia lililompanda mwenzake. Nadhani limeanza kunisumbua. Nelson anaweza kulinyoosha."

"Linauma?"

"Haliumi."

"Unatafuna nalo?"

"Natafuna."

Bernadina akachagua mfupa wa mwisho kwenye sufuria, akaugeuza kuutafutia upande wenye nyama.

"Anasa," akasema, akauma.